Kufufua Amplifaya Kongwe ya Valvu Bila Kuipoteza Sauti Yake

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nitazungumzia amplifaya za gitaa zinazotumia valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza sauti, hasa zile za miaka ya 1950 na 1960 ambazo, baada ya kutumika sana, ziliwekwa stoo na kusahauliwa. Hoja yangu ni moja: kinachohatarisha uhai kibadilishwe bila mjadala, na kila kingine kipimwe kwanza, kwa sababu sauti tunayoitafuta katika vyombo hivi imo ndani ya vipuri vile vile ambavyo fundi mwenye haraka huving'oa.

Ushahidi upo katika historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karakana ya Jim Marshall jijini London ilitengeneza amplifaya ya JTM45 kwa kufuata kwa karibu sana mchoro wa saketi wa Fender Bassman 5F6-A, amplifaya ya Marekani. Mchoro ulikuwa karibu ule ule, lakini transfoma na spika zilikuwa nyingine, baadaye na valvu za nguvu pia, na chombo kikatoka na sauti yake chenyewe. Atakayebadilisha vipuri vyote vya amplifaya kongwe atabaki na mchoro tu.

Anayeipata amplifaya ya aina hii hutamani kuichomeka mara moja ili asikie kama inafanya kazi. Nawasihi msifanye hivyo. Ndani ya kapasita kubwa za kuchuja umeme, vipuri vinavyohifadhi chaji, mna utando mwembamba wa oksidi juu ya karatasi ya aluminiamu, na utando huo hudhoofika kapasita ikikaa miaka mingi bila umeme, huku majimaji yaliyomo yakikauka. Ikipewa volti 400 kwa ghafla huvujisha mkondo mwingi, hupata moto na inaweza kupasuka, na njiani ikaiunguza transfoma ya umeme, ambayo ni miongoni mwa vipuri vigumu zaidi kupatikana. Kapasita hizi mimi hubadilisha, kwa kuwa hata zikiamka leo haziaminiki kesho.

Hata amplifaya iliyochomolewa inaweza kuua, maana kapasita hizo huhifadhi chaji. Kabla ya kugusa chochote, chaji itolewe kupitia rezista, kipuri kinachokinza mkondo, iliyofunikwa vizuri, kisha mita ithibitishe kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Fanyeni kazi kwa mkono mmoja, wa pili ukae mbali na chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba vipuri, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Amplifaya nyingi za Marekani za kipindi hicho zina waya wa umeme wa nyaya mbili tu, pamoja na kapasita ndogo kati ya umeme wa ukutani na chasisi, iliyowekwa kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikipiga shoti, chasisi nzima hubeba umeme wa ukutani, nazo nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi, hivyo mpigaji anayegusa maikrofoni yenye ardhi, yaani iliyounganishwa na waya wa usalama uendao ardhini, huukamilisha mzunguko kwa mwili wake. Itolewe. Waya mpya wa nyaya tatu ufungwe, na ule wa ardhi ukazwe kwa boliti kwenye chasisi. Wapo wakusanyaji wanaosema kwamba hilo hupunguza thamani ya chombo. Sikubaliani nao hata kidogo.

Penye uchunguzi wa kweli ni kwenye kapasita zinazopitisha sauti kutoka valvu moja hadi nyingine. Kazi yake ni kuruhusu sauti na kuzuia umeme wa DC, na upande wake mmoja huwa na volti 150 au zaidi, wakati upande wa pili umeungana na gridi ya valvu ya nguvu, yaani sehemu inayodhibiti mkondo wake, inayotakiwa kubaki hasi. Ikivujisha volti chache tu, valvu huvuta mkondo kupita kiasi na anodi yake, bamba linalopokea mkondo huo, huanza kuwaka wekundu. Amplifaya ikiwa imezimwa, fungueni mguu wa kapasita unaokwenda kwenye gridi, mbane hapo waya wa mita, kisha muwashe: iliyo nzima itashuka karibu na sifuri baada ya muda mfupi, na mbovu itang'ang'ania volti kadhaa. Ile mbovu peke yake ndiyo ibadilishwe. Rezista za kaboni nazo huongezeka ukinzani kadiri zinavyozeeka, lakini isiyotoa kelele na isiyopotoka mno iacheni.

Uwashaji wa kwanza, hata ule wa kupima kapasita, ufanywe kupitia balbu ya uzi ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfululizo na waya wa umeme, na spika ikiwa imechomekwa, kwa kuwa transfoma ya kutolea sauti huweza kuharibika ikifanya kazi bila mzigo. Balbu ikimulika kisha ikafifia, endeleeni. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zimeni mtafute shoti.

Mwisho hurekebishwa bayasi, yaani kiasi cha mkondo unaopita kwenye valvu za nguvu wakati hakuna sauti. Valvu ya 6L6GC inahimili wati 30 kwenye anodi, na mafundi wengi huiweka asilimia 70, yaani wati 21. Kwa anodi ya volti 420, hiyo ni miliampia 50. Lakini 6L6GB ya zamani ilikadiriwa wati 19 tu, kwa hiyo someni maandishi ya kiooni kabla ya kupiga hesabu.

Mliokuja na amplifaya zenu, zileteni mezani tuzifungue, tukianza na zile za waya wa nyaya mbili.