Nyanyua Kabla Hujanunua: Resiva za Zamani na Ukweli wa Wati

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nianze kwa kumwomba radhi huyu kijana aliyenibebea mzigo kutoka kwenye bajaji mpaka hapa mezani. Njiani aliniuliza, "Babu, humu mna nini, mawe?" Nikamwambia asubiri, nitamjibu mbele ya watu. Mwanangu, humo mna transfoma. Shaba na chuma. Na karibu kila nitakachosema leo kimo ndani ya uzito huo uliokuumiza bega.

Waliokuja wakidhani nitazungumzia resiva ya dishi, wasiondoke. Zamani kabla ya dishi na ving'amuzi, neno resiva lilikuwa la mashine kama hii: redio na amplifaya katika kasha moja, mbele ina kioo cha masafa na vitufe vya kuzungusha, nyuma ina matundu ya kuchomekea pleya ya santuri, deki ya kanda na spika. Hii ni Pioneer SX-650, ya katikati ya miaka ya 1970. Nyumba nyingi za hapa Ngamiani, Tanga, zilikuwa na ndugu zake. Zililetwa na mabaharia, na jamaa waliorudi kutoka Muscat na Dubai. Leo zimo stoo, juu yake pamewekwa gunia la mkaa.

Sasa nina swali. Nani hapa ana sabufa nyumbani? Naona mikono mingi, hata wa mzee mwenzangu kule nyuma. Imeandikwaje mbele? Wati elfu ngapi za PMPO? Elfu nane! Haya, ukirudi leo igeuze uangalie adapta yake. Utakuta imeandikwa, tuseme, volti 12, ampea 3. Zidisha. Wati 36. Mashine inayokula wati 36 haiwezi kutoa elfu nane, kama mgeni aliyekuja na kilo moja ya mchele asivyoweza kulisha harusi. Hiyo elfu nane ni namba ya kuuzia, haipimiki kwa mita yoyote.

Uongo huu ni mzee kuliko sabufa zenu. Huko Marekani, miaka ya 1960, kila kampuni ilikuwa inajitungia wati zake. Moja inapima mlipuko wa sauti wa kufumba na kufumbua, nyingine inajumlisha pande zote mbili, nyingine inapima spika moja huku ya pili imelala. Mnunuzi hana pa kulinganisha. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya serikali ya kule, FTC, ikatoa kanuni: ukitaka kuandika wati kwenye tangazo, zipime zikitoka mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, useme ni kwa spika ya omu ngapi (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), ni kutoka sauti nzito kiasi gani hadi nyembamba kiasi gani, na sauti inaharibika kwa asilimia ngapi. Na kabla ya kupima, mashine ichomwe kwanza saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu zake.

Hiyo theluthi ndiyo iliyowatoa watu jasho. Mafundi wenzangu mnajua: amplifaya za aina hii hazipati joto kali zaidi zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Zinaungua pale katikati, maana umeme mwingi unabaki ndani ya transista, vile vipande vinavyokuza sauti, badala ya kwenda kwenye spika. Saa nzima hapo, kama transfoma ni ndogo na aluminiamu ya kupozea ni chache, moshi. Kwa hiyo wahandisi wakaongeza shaba, wakaongeza aluminiamu, wakaongeza kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme. Mashine zikanenepa.

Kisha zikaanza kushindana. Wajapani walikuwa wanauza sana Marekani. Hata askari wa Kimarekani waliokuwa Vietnam walikuwa wakinunua vyombo hivi kwenye maduka ya kambi na kuvipeleka kwao. Pioneer, Sansui, Kenwood, Yamaha, Technics, na Marantz ambayo jina lake ni la New York lakini resiva zake nyingi zilikuwa zinatengenezwa Japani. Mwaka 1976 Pioneer ikatoa SX-1250, wati 160 kila upande. Mwaka 1978 ikatoa SX-1980, wati 270 kila upande, uzito wa kilo 35 hivi. Zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji! Nani anahitaji wati 270 sebuleni? Hakuna. Ilikuwa ni majogoo wawili kwenye uwanja mmoja. Lakini ugomvi wao umetuachia urithi, maana hata mashine zao ndogo zilijengwa na mikono ileile na kupimwa kwa kanuni ileile.

Hizo ndogo ndizo nazozitaka. Hapa naomba mnisikilize vizuri, ndipo pesa ya mtu inapookoka.

Sikio la binadamu halihesabu wati kama duka linavyohesabu. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho ukitoka kwenda kuchukua chai na kurudi huenda usikitambue. Ili sikio liseme "sasa imekuwa kubwa mara mbili", unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo mashine ya wati 20 na ya wati 40 ni majirani. Na ukiwa umekaa mita mbili kutoka kwenye spika nzuri, unasikiliza taarabu baada ya chakula, unatumia wati moja au mbili. Pioneer SX-450 ina wati 15 kila upande. Hii iliyopo mezani ina 35. Marantz za mwanzo wa miaka ile zilikuwa zinajitaja zenyewe: 2230 ni wati 30, 2245 ni 45, 2270 ni 70. Hiyo 2270 leo bei yake huko nje imepaa, watu wanalilia taa yake ya buluu. Waachieni. Taa haipigi muziki. Tafuta Technics, Sony, JVC, Akai, Kenwood za kawaida, ambazo hakuna anayezigombania.

Nimewahi kuona mtu ametoa pesa ya pikipiki kwa amplifaya mpya, kisha akaiunganisha na spika za plastiki. Kama una laki tano, laki moja na nusu iende kwenye resiva kuukuu na zilizobaki ziende kwenye spika. Na waya? Waya wa taa wa kawaida, ule mnene kidogo, unatosha. Anayekuuzia waya wa spika kwa bei ya mbuzi anakuuzia mbuzi.

Sasa nieleze aibu yangu. Mwaka 1998 nilipata mashine safi sana kutoka kwenye kontena la mtumba wa Japani. Haina mkwaruzo. Nilifurahi nikasahau ufundi, nikaichomeka ukutani. Japani umeme wao ni volti 100. Wetu ni 230. Mashine ilipata zaidi ya mara mbili ya umeme wake. Ikalia pu! Paka akaruka dirishani, na duka likanuka wiki nzima. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, geuza mashine, soma nyuma. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi nyingi huwa na swichi ya kuchagua volti: 110, 120, 220, 240. Hakikisha imekaa kwenye 220 au 240. Kama imeandikwa 100 peke yake, unahitaji transfoma ya kushushia, na ile ya 110 inayouzwa madukani bado inaizidishia kidogo.

Tena ya Japani ina kasoro ya pili, wenye magari mnaifahamu. FM ya kwao ilikuwa inaanzia 76 na kuishia 90. Sisi redio zetu zimejaa kutoka 88 kwenda 108. Utakuwa na mashine nzuri inayokamata stesheni mbili. Ndiyo maana mimi nazipenda zilizokuja na jamaa kutoka Ghuba au Ulaya: umeme wao unalingana na wetu, na FM inafika 108. Mtumba wa Japani ni wa bei nafuu, lakini uhesabu na transfoma.

Ukikuta inayofaa, usidanganywe na kioo kinachong'aa. Inyanyue. Nyepesi iache. Zungusha kitufe cha sauti. Kikikwaruza si ugonjwa mkubwa, ni vumbi na chumvi yetu ya bahari, spreyi ya kusafishia inakitibu. Nusa. Panya na mende hupenda humu kwa sababu kuna joto, na mkojo wa panya unakula njia za shaba kwenye bodi kuliko umri wenyewe. Kama imelala miaka, usiiwashe moja kwa moja. Ifunge kwa mfululizo na balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye waya unaong'aa, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo uingie kwenye mashine. Ukiwasha, balbu ikiwaka kisha ikafifia, salama. Ikibaki inawaka kali, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea mashine.

Mnapowasha, subirini. Nyingi za wakati ule zina rilei, yaani swichi inayojifunga yenyewe, ya kulinda spika, baada ya sekunde chache utaisikia: tak. Isiposema tak, imeona hatari, usiilazimishe. Hata ikisema, weka mita kwenye matundu ya spika kabla hujaunganisha spika zako nzuri. Ukipata chini ya milivolti 50, sawa. Ukipata volti kadhaa, transista imekufa na itachoma koili ya spika.

Swali la kijana pale: vipuri? Kapasita na transista zipo, lehemu ipo, na karibu kila kitu kimefungwa kwa skrubu, si kwa gundi. Tahadhari ni moja: baadhi ya modeli, mfano SX-780, zina aisii za STK, yaani kifurushi kimoja chenye transista kadhaa ndani, badala ya transista mojamoja. STK za bandia zimejaa mjini. Ikiwa nzima, tumia; ikiwa imeungua, muachie mwenye nayo.

Na simu? Inaingia. Waya wa kipini cha simu upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande wa pili, chomeka AUX. Msichomeke PHONO, hiyo ni ya sindano ya pleya, sauti itapasuka vibaya. Na msifunge spika nne za omu nne kwenye A na B, yale matundu ya jozi mbili za spika, mkapeleka kwenye harusi. Hii ni mashine ya sebuleni, haina ubavu wa kupiga uwanja mzima.

Nimekuja na sahani ndogo ya Atomic Jazz, wa hapahapa Tanga. Santuri hizi zilirekodiwa mono, na mbele hapa kuna kitufe cha MONO ambacho vifaa vya leo vingi havina. Ukikibonyeza, sehemu ya mkwaruzo inajifuta, kwa sababu kila upande wa mfereji unakwaruza kivyake lakini wimbo ni uleule. Kijana, zima feni kidogo. Asante. Nawasha. Moja, mbili, tatu, nne...

Mmeisikia? Teremsha sindano.