OpenBSD kwenye laptopu mpya: imekwama wapi?

IDRISA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Idrisa, niko na dada Mwajuma, na leo ni siku yake kwa sababu tunaongelea OpenBSD. Hujambo dada?

MWAJUMA: Sijambo kaka. Leo utanisikiliza utake usitake.

IDRISA: Kwa asiyeujua, mwambie ni kitu gani. Kwa ufupi lakini, nakujua.

MWAJUMA: Ni mfumo endeshi wa ukoo wa Unix. Theo de Raadt aliuanzisha mwaka 1995 kwa kuuchomoa kutoka NetBSD, na makao ya mradi ni Calgary, Kanada. Si Linux, ingawa ukikaa kwenye terminali unaweza kudhani ni ndugu. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita. Basi, tuendelee.

IDRISA: Haya. Mtu ana laptopu mpya, ndiyo kwanza ameitoa kwenye boksi. Amechomeka flashi, amewasha, na mashine imepita moja kwa moja hadi Windows kana kwamba flashi haipo. Mimi hapo naingia BIOS, kwenye mipangilio ya mashine, nazima kila ninachokiona.

MWAJUMA: Na hapo ndipo unapopotea. Umezima vitu kadhaa kwa mpigo. Ikikubali hujui kilichokuwa kikwazo, ikikataa hujui ulichoharibu. Uliza kwanza imekwama wapi. Kuna fimwea ya bodi, programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, yaani UEFI, ambayo wengi bado wanaiita BIOS; inamkabidhi butiloda, programu ndogo ya kuwashia mfumo. Butiloda inaipakia keneli, kiini cha mfumo. Keneli inatafuta vifaa. Halafu ndiyo programu ya usakinishaji inaanza kukuuliza maswali. Kila mmoja ana dalili zake kwenye skrini. Flashi isipoonekana kabisa, keneli haihusiki, haijaguswa bado.

IDRISA: Kwa hiyo kosa liko kwa UEFI au kwa flashi yenyewe.

MWAJUMA: Ndiyo. Kwa UEFI, mshukiwa ni Secure Boot, ulinzi unaokataa programu za kuwashia zisizo na saini. Butiloda ya OpenBSD haina saini inayokubaliwa na mashine hizi, kwa hiyo izime hiyo moja tu. Kwa flashi, angalia ulivyoandika. Kuna wanaolivuta lile faili la .img na kulidondosha ndani ya flashi kama picha ya harusi. Kuna wanaotumia dd, amri ya kunakili diski, vizuri kabisa lakini wanaandika kwenye sdb1, yaani kwenye kizigeu, sehemu tu ya flashi, badala ya sdb nzima. Amri inamaliza bila kulalamika, na flashi haiwaki.

IDRISA: Na kabla ya yote, Windows iliyokuja na mashine tuifute mapema?

MWAJUMA: Hapana, subiri. Itumie kwanza kusasisha BIOS. Watengenezaji wengi wanatoa sasisho kama programu ya Windows, na mashine iliyotoka jana mara nyingi ina kasoro za ACPI, ile sehemu inayoueleza mfumo umeme na vifaa vya mashine, zinazorekebishwa kwenye sasisho la kwanza au la pili. Ukishaifuta, kulipata sasisho hilo inakuwa kazi nyingine.

IDRISA: Sawa. Sasa flashi imewaka, tumeona neno boot na alama yake, zimepita sekunde 5, namba zimemiminika, mstari wa mwisho unasema entry point, halafu kimya. Watu wengi wanatafuta huo mstari wa mwisho kama ndio ugonjwa.

MWAJUMA: Na sio ugonjwa. Ni butiloda inaaga. Imeshaipakia keneli, imeruka kwenda anwani ile, kazi yake imekwisha. Ukibaki hapo, ama keneli imekufa mapema sana, ama iko hai na inaongea mahali usipopaona. Ukishaona maandishi meupe kwenye mandhari ya buluu, keneli inapumua.

IDRISA: Na nisipoona buluu?

MWAJUMA: Jaribu snapshoti, yaani toleo la majaribio, kabla hujajaribu kitu kingine. Kwa mashine mpya mimi sihangaiki hata na toleo rasmi. Toleo linaweza kuwa na umri wa miezi mitano, na kifaa chako kimepata draiva, programu ya kukiendesha, wiki iliyopita. Snapshoti zinajengwa mara kwa mara kutoka kwenye tawi la maendeleo.

IDRISA: Wengine watasema snapshoti si imara.

MWAJUMA: Waache waseme. Toleo imara lisilowaka lina faida gani?

IDRISA: Haya, umeshinda. Tuje kwenye diski, kwa sababu nadhani hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Maswali yanakwenda vizuri: jina la mashine, kibodi, nywila. Unafika kwenye diski, orodha ina kitu kimoja, na ni ile flashi yenyewe.

MWAJUMA: Ukiona hivyo kwenye mashine ya Intel ya kuanzia kizazi cha 11, mshukiwa wangu ni VMD, Volume Management Device. Ni kidhibiti kinachokaa mbele ya SSD. SSD yenyewe haionekani kwenye PCI, njia inayounganisha vifaa, kama kawaida. Kinachoonekana ni hicho kidhibiti. Keneli isiyo na draiva yake inapita tu.

IDRISA: Utajuaje kwa hakika, badala ya kubahatisha?

MWAJUMA: Kwenye swali lolote la usakinishaji andika alama ya mshangao, unapewa sheli, mahali pa kuandika amri. Andika dmesg, inakuonyesha ujumbe wa keneli. Tafuta mistari inayoishia na "not configured". Hiyo ni keneli inakuambia: nimekiona kifaa hiki, nakijua jina, sina wa kukiendesha. Ukikuta Volume Management Device imo humo na hakuna mstari wa nvme0 popote, umepata jibu. Rudi BIOS, tafuta VMD au RST au neno RAID karibu na mambo ya diski, badilisha iwe AHCI au NVMe, yaani njia za kawaida za kuongea na diski.

IDRISA: Na kama mtu anataka kubaki na Windows pembeni?

MWAJUMA: Basi asibadilishe kwa pupa. Windows iliyosakinishwa ikiwa VMD imewashwa inaweza kugoma kuwaka ukiizima. Kuna utaratibu wa kuiwasha kwanza kwenye hali salama. Aufuate, na awe ameweka nakala ya vitu vyake kando.

IDRISA: Diski imeonekana sasa. Kuna sd0 na sd1.

MWAJUMA: Hapo simama. Kwenye OpenBSD hata SSD ya NVMe inaitwa sd, kwa sababu inapita kwenye tabaka la SCSI, sehemu ya keneli inayosimamia diski. Flashi nayo inaitwa sd. Namba zinafuata nani aliyeonekana kwanza. Kwa hiyo bonyeza alama ya kuuliza kwenye swali lile lile, inakuonyesha modeli na ukubwa. Diski ya gigabaiti mia tano na flashi ya gigabaiti nane hazifanani. Ukibonyeza Enter kwa mazoea, maji yakishamwagika hayazoleki.

IDRISA: Wi-Fi. Najua una hasira nayo.

MWAJUMA: Sina hasira, nina masikitiko. Draiva ya Intel, iwx, ipo, na inazijua kadi kama AX200 na AX210. Lakini kadi inahitaji fimwea yake, na leseni ya fimwea nyingi hairuhusu mradi kuiweka ndani ya faili la usakinishaji. Inapakuliwa kwa fw_update. Na fw_update inahitaji mtandao.

IDRISA: Mtandao ambao huna kwa sababu huna fimwea.

MWAJUMA: Na laptopu nyembamba za siku hizi hazina tundu la Ethernet. Kwa hiyo chukua adapta ya USB. Zenye chipu ya Realtek zinaonekana kama ure0, za ASIX kama axen0. Au maliza usakinishaji bila mtandao, kisha unganisha simu ya Android kwa kebo na uwashe kushiriki mtandao. Inaonekana kama urndis0. Ndiyo maana nasema chukua faili la install na si miniroot, maana miniroot haibebi seti za mfumo, itakudai mtandao tangu mwanzo.

IDRISA: Na kama sina adapta wala simu?

MWAJUMA: Pakua faili za fimwea kwenye kompyuta nyingine kutoka firmware.openbsd.org, folda ya toleo lako hasa, weka kwenye flashi ya FAT. Mfumo ukishawaka, ipachike flashi kwenye /mnt, kisha fw_update -p /mnt. Ukitaka kuipachika ukiwa bado kwenye sheli ya usakinishaji, utakutana na kijimtego: kwenye /dev hakuna nodi za kila diski. Unaingia /dev, unaandika sh MAKEDEV sd1, ndipo mount inakubali. Kizigeu cha FAT kwa kawaida ni herufi i, yaani sd1i.

IDRISA: Hiyo ya MAKEDEV hakuna anayeikisia. Sasa, kila kitu kimeisha, inasema hongera, unawasha upya, maandishi kwenye buluu yanateremka vizuri, ghafla skrini nyeusi. Mbona usakinishaji ulionyesha picha bila shida?

MWAJUMA: Kwa sababu si keneli ile ile. Keneli ya usakinishaji, bsd.rd, haina draiva za michoro. Inatumia skrini jinsi UEFI ilivyoiacha. Keneli kamili ina amdgpu na inteldrm, na hizo zinaipokonya UEFI skrini. Zikishindwa, giza.

IDRISA: Unatokaje?

MWAJUMA: Kwenye boot andika boot -c. Unapata alama ya UKC, mahali pa kubadilisha mipangilio ya keneli. Andika disable amdgpu, au inteldrm kwa Intel, kisha quit. Inawaka kwa picha ya kawaida, polepole lakini unaona. Endesha fw_update, kwa sababu amdgpu nayo inataka fimwea, halafu washa upya bila kuzima kitu. Ikishindwa tena, sysupgrade -s ikupeleke kwenye snapshoti. Angalizo moja: pale kwenye UKC kibodi ya USB mara nyingine haisikii, maana keneli haijafika kwenye USB bado. Tumia ya laptopu yenyewe.

IDRISA: Na ikibaki nyeusi hata baada ya hayo?

MWAJUMA: Andika ripoti kwa sendbug ukiwa umeizima draiva, ambatisha dmesg nzima. Nzima, kaka. Usikate mistari unayodhani haihusiki.

IDRISA: La mwisho, kuna msikilizaji anauliza Bluetooth inawashwaje.

MWAJUMA: Haiwashwi. Waliiondoa kwenye mfumo mwaka 2014.

IDRISA: Kwa hiyo spika yake mpya...

MWAJUMA: Ina tundu la waya?