Winga Anayekimbia Bila Mpira

Mwalimu mkuu, walimu, na ninyi vijana mlioketi hapo mbele na soksi za mazoezi bado miguuni, asanteni kwa kunipokea. Nimeombwa nizungumzie maisha ya mchezaji wa raga, nami nimemchagua mmoja, Collins Injera, winga, yaani mchezaji wa pembeni, wa timu ya Kenya ya wachezaji saba.

Namba zake mnazijua. Trai 279, yaani mara 279 aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, katika Msururu wa Dunia wa raga ya wachezaji saba kila upande. Msimu wa 2008/09 alifunga 42, na hakuna aliyemzidi duniani. Mei 2016, jijini London, akampita Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa na 230. Mwaka uliofuata Dan Norton wa Uingereza naye akampita. Rekodi ndivyo zilivyo, tusikae sana hapo.

Ninachotaka mkitazame ni miguu yake mpira ukiwa mbali. Uwanja wa saba ni ule ule wa kumi na watano, na watu saba hawawezi kuufunika wote. Tafuteni kanda zake za zamani. Mpira umekwama kwenye raki, lile rundo la wachezaji wanaougombania ukiwa chini, upande wa pili, naye Injera anarudi nyuma hatua nne, tano, anajibana kwenye mstari wa chaki, viganja viko wazi kifuani. Pasi haijatoka, mwenzenu ameshaondoka. Beki anamfikia amechelewa nusu hatua, na hiyo nusu hatua ndiyo trai. Sasa hesabuni ni mara ngapi alirudi nyuma vile na pasi isije! Kipindi ni dakika saba, lakini mechi zinafuatana, tano au sita kwa siku mbili, kisha ndege, kisha mji mwingine.

Hakuanza peke yake. Kakake mkubwa, Humphrey Kayange, alikuwa nahodha wa Kenya, na mdogo wao Michael Agevi pia akaivaa jezi ya taifa. Majina matatu tofauti, tumbo moja. Klabu yao ilikuwa Mwamba, pale Nairobi. Mwaka 2009 Collins na Humphrey walikuwa Dubai Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba, kocha akiwa Benjamin Ayimba.

Ayimba huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha Aprili 17, 2016, Singapore. Fainali, Kenya na Fiji. Fiji, jamani, watu waliozaliwa na mpira mkononi! Tukawafunga 30 kwa 7. Injera alifunga trai mbili, akatajwa mchezaji bora wa fainali, na Kenya ikabeba kombe lake la kwanza katika msururu huo. Mimi nililia, na sioni haya kuwaambia.

Lakini nisiwadanganye kuhusu riziki. Raga yetu hailipi kama soka ya Ulaya. Wachezaji wa Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, wamewahi kugombana na wakuu wao juu ya malipo na mikataba, hata wakaziba nembo ya mfadhili kwenye jezi zao huko Paris mwaka 2018. Na Ayimba, mtu aliyetuletea lile kombe, alifariki Mei 2021 baada ya kuugua malaria, jamaa zake wakiwa wameomba umma uwachangie bili ya hospitali. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana nampenda sana Kayange. Alisomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi huku akicheza, na baadaye akaingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwili wa mchezaji una miaka michache. Goti likichanika, mkataba haukungoji upone. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati akiwaita jioni, nendeni, mazoezi mtayafidia alfajiri.

Nimemaliza. Wale mnaocheza winga msiondoke, tukutane kwenye mstari wa chaki. Mipira iacheni stoo kwanza.