Babu Wawili, Bibi Wawili: Somo la Maangamizi ya Wayahudi Lianzie Wapi

Walimu wenzangu, nianze na lile ambalo wengi wenu mmeshachoka kulisikia kwangu: msianze na maiti. Picha ya miili iliyorundikana Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Ujerumani, haimwelezi mwanafunzi jambo lilitokeaje. Inamtisha, anainamisha kichwa, kengele inalia, anakwenda kula. Kesho ukimuuliza sababu, atakujibu kwamba Hitler alikuwa mwendawazimu. Hapo umefundisha nini?

Anzeni na karatasi. Yangu mnaijua, ni kanuni ya tarehe 14 Novemba 1935. Sheria za Nuremberg za Septemba mwaka huo, za serikali ya Hitler, ziliwanyima Wayahudi uraia kamili na kuwakataza kuoana na wale walioitwa watu wa damu ya Kijerumani. Zilitoka bila kusema Myahudi ni nani, ikabidi maofisa wa wizara wakae wabishane. Jibu lao: mwenye babu na bibi Wayahudi watatu au wanne ni Myahudi. Mwenye wawili ni chotara, isipokuwa awe mwanajumuiya wa dini ya Kiyahudi au ameoana na Myahudi. Huyo naye ni Myahudi. Mwenye mmoja ni chotara wa daraja la pili.

Sasa, bibi huyo utamjuaje kuwa Myahudi? Wao walidai ni suala la damu. Nani aliipima? Hakuna. Kanuni yenyewe inasema babu au bibi aliyekuwa wa jumuiya ya dini ya Kiyahudi ahesabiwe Myahudi moja kwa moja. Kwa hiyo watu walihangaika kwenye ofisi za parokia wakitafuta vyeti vya ubatizo vya wazee waliokwisha kufa, na hiyo mbari ya damu ikathibitishwa kwa daftari la kanisa! Mjukuu aliyebatizwa akiwa mchanga, aliyepigania Ujerumani mwaka 1914, aliitwa Myahudi kwa sababu ya mahali bibi zake walikosali. Msiwatajie wanafunzi upuuzi huo. Waacheni wauone wenyewe.

Mnahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, na karatasi moja kwa kila wanafunzi wawili: juu kanuni, chini familia nne za kubuni. Swali la kwanza: kila mtu hapa anaangukia kundi gani? Swali la pili, na hili ndilo somo: ili kumpanga, ofisi zipi zilifungua daftari zipi? Watataja karani wa parokia, msajili wa vizazi, karani wa sensa ya Mei 1939 iliyokuwa na kadi ya pembeni ya kuuliza kuhusu babu na bibi wote wanne. Mpaka hapo hakuna aliyeshika bunduki.

Linaloharibu somo ni mwalimu mwenye bidii anayewaambia watoto wahesabu babu na bibi zao wenyewe. Thubutu! Dakika tano hazipiti, darasa limeshageuka baraza la makabila. Wala msifanye igizo la mlinzi na mfungwa: anayepewa ulinzi anafurahia, anayepewa ufungwa anacheka, na wote wanatoka wakidhani wamekwisha kuonja yaliyotokea.

Najua kuna anayesema moyoni, hayo ni ya Wazungu. Haya, twende Rwanda. Vitambulisho vyenye kabila viliingizwa na Wabelgiji miaka ya 1930, mtoto akirithi kabila la baba. Mwaka 1994 vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kumtambua Mtutsi wa kuuawa. Ila msiseme ni kitu kilekile. Vijijini jirani alimjua jirani bila kadi, na mauaji yalifanyika mchana, mbele ya watu, kwa takriban siku 100. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari ilisomwa Arusha, Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Safari ya basi tu, na bado tunaagiza picha za kambi ya Auschwitz.

Na yupo Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mtajeni, lakini kwa usahihi: alikamatwa kwa madai ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Aliuawa na ubaguzi uleule, ila hakuwa sehemu ya mpango wa kuwaangamiza Wayahudi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kumbukumbu ya kurithi, yaani ile ambayo mtoto anaipokea kwa mzazi aliyenusurika, basi, kwa haraka. Manusura wa Ulaya wanakwisha, wa Rwanda wengi bado wapo, na watoto wao wamo madarasani mwetu, hasa shule za mipakani. Msimsimamishe mtoto aeleze ya mama yake. Tumieni ushuhuda uliorekodiwa, mtu mmoja, dakika saba zinatosha, na lazima sehemu mtakayochagua imwonyeshe kabla ya mauaji pia: alisoma wapi, baba yake aliuza nini. Suala la wanaokana kwamba mauaji hayo yalitokea nililiandaa, leo halitawezekana. Maswali?