Nilitazama Visogo Vyenu

Haya, taa ziwashwe, lakini si zote, macho bado yanauma. Mliosimama mlangoni, viti vipo huku mbele, vimeachwa na watu wanne waliotoka. Niliwahesabu. Mmoja naona amerudi na chupa ya maji. Karibu dada, pole sana, kaa hapo pembeni.

Niseme ukweli kwanza. Leo sikuitazama filamu. Audition, filamu ya kutisha ya mwongozaji wa Kijapani Takashi Miike, nimeshaiona mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu anayependa usingizi wake. Nilivuta kiti nyuma kabisa, karibu na projekta, nikawatazama ninyi. Visogo. Uso wa mtu anayejua anatazamwa hujipanga, lakini kisogo hakina adabu hiyo. Kikishtuka kimeshtuka.

Kabla ya visogo vyenu, tuvikumbuke vya wenzenu. Mwanzoni mwa mwaka 2000 filamu hii ilioneshwa kwenye tamasha la Rotterdam, Uholanzi. Ilikuwa imekamilika mwaka uliotangulia. Watu walinyanyuka na kutoka kwa wingi hadi ikawa habari ya tamasha zima. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja alimwendea Miike akamwambia ana kwa ana kuwa yeye ni mtu mwovu. Na kwenye tamasha hilohilo, wahakiki wa shirikisho la kimataifa, FIPRESCI, wakaipa tuzo yao. Kazi moja, wiki moja, wengine wanakimbia na wengine wanatoa zawadi.

Watu husimulia kisa cha Rotterdam kwa majigambo, kama wanavyosimulia pilipili: wale ilikuwa kali, sisi tuliimaliza. Wanasahau kitu kimoja. Wale wa Rotterdam wengi hawakujua wanaingia kutazama nini. Ninyi mlijua. Bango lililozunguka dunia nzima lina yule dada na glovu nyeusi na bomba la sindano. Kwa hiyo ninyi mliingia mkiwa mnasubiri. Dakika ya thelathini hivi kijana mmoja hapa kulia alishawasha simu yake, mwanga ukampiga kidevuni, akamwambia jirani yake, "Bado tu?" Usijifiche, sikutaji. Lakini nataka tuanzie hapo, kwenye "bado tu", kwa sababu mimi nadhani wakati ule ilikuwa imeshaanza.

Turudi nyuma kidogo. Aoyama ni mgane. Mkewe anakufa hospitalini mbele ya macho yetu, mtoto wao anafika na zawadi mkononi amechelewa. Miaka saba baadaye mtoto amekuwa kijana, anamwambia baba oa, unazeeka vibaya. Hapo Miike ameshatufanyia ujanja wa kwanza. Ametupa steringi. Na sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kanuni: steringi hafi, na steringi hakosei. Akilia tunalia, akidanganya tunamtafutia sababu.

Na anadanganya. Rafiki yake Yoshikawa, mtayarishaji wa filamu, anamshauri waitangaze filamu, waite wanawake kwenye usaili wa mhusika mkuu, naye Aoyama ajichagulie mke. Wajapani wenyewe filamu wameiita Ōdishon, neno la Kiingereza lililovaa nguo za kwao, kama sisi tunavyosema "odisheni". Kile kipande mnakikumbuka. Kiti kimoja katikati ya chumba kikubwa, mbali na meza. Nyuma ya meza wanaume wawili. Mwanamke anaingia, anakaa, anaulizwa, anatoka, anaingia mwingine. Maswali yanaanzia kwenye kazi yanaishia mwilini. Muziki unachezacheza. Picha zinakatwa haraka haraka, kila mwanamke kapewa sekunde zake, huyu anacheza, huyu anajieleza, huyu anavua.

Hapo mlicheka. Na mimi siku ya kwanza nilicheka, tena sana. Kimetengenezwa kichekeshe. Lakini angalieni hesabu yake: Aoyama ameshamchagua Asami, yule dada wa kwenye bango, kabla hata mlango haujafunguliwa. Amesoma barua yake ya maombi, ile ya msichana aliyeacha balei kwa sababu ya jeraha, amemaliza. Wale wengine wote waliopanga nauli, waliopiga pasi nguo, waliolala wakifanya mazoezi ya kujibu, wameitwa bure. Hakuna kazi. Kama umewahi kukaa kwenye benchi la usaili na bahasha yako ya vyeti, kisha ukaja kusikia nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu juzi, unajua kile si kichekesho.

Damu hakuna, ndiyo maana yule kijana akauliza bado tu.

Sasa ile simu. Mimi hicho kipande nakiweka juu ya sindano zote. Chumba kitupu, Asami amekaa chini, kichwa kimeinama, nywele zimemfunika uso, mifupa ya mgongo inaonekana. Mbele yake simu ya mezani iliyowekwa sakafuni. Nyuma yake gunia kubwa limefungwa. Hakuna kinachotembea. Aoyama kwake anajivunga, nipige nisipige, rafiki kamwambia asubiri. Anapiga. Simu inalia kule, Asami hainui mkono, ila mdomo unaanza kutabasamu chini ya zile nywele, na gunia linarukaruka.

Visogo vyote humu viliruka pamoja nalo. Safu ya pili mtu alishika mkono wa mtu ambaye nadhani hawajuani. Hapo hakuna aliyekatwa wala aliyechomwa. Kuna gunia na simu. Watayarishaji walikuwa walewale waliofaidika na Ring, ile filamu ya mzuka ya mwaka 1998, walitaka hofu nyingine iuzike, na Miike angeweza kuwapa mzuka. Badala yake akawapa mwanamke anayesubiri kupigiwa. Riwaya yenyewe ni ya Ryu Murakami, na tafadhali msimchanganye na Haruki Murakami, mwandishi mwingine wa Kijapani ambaye vitabu vyake vina paka wengi, maana kila nikitaja jina hilo kuna mtu huniuliza habari za paka.

Tuje kwenye mnachotaka kuzungumza. Asami anamtesa Aoyama: aproni ya ngozi, glovu, sindano chini ya jicho, halafu ule waya wa kumkatia mguu. Niligundua jambo ambalo sikulitegemea. Kwenye sindano wengi mlitazama, mkakunja mabega, lakini mlitazama. Kwenye waya mlipandisha miguu juu ya viti. Wanaume zaidi. Mtu mzima na kitambi chake amekunja miguu kama mtoto anayeogopa siafu. Ni sauti, ndugu zangu. Ule waya unavyokwangua mfupa unasikika zaidi ya unavyoonekana, na sikio halina kope.

Na katikati ya yote akawafungulia dirisha. Aoyama anazinduka, yuko kitandani hotelini, mguu upo, Asami yupo pembeni, mpole, anakubali posa. Nilisikia pumzi zenu. Ukumbi mzima ulipumua kama tairi. Mmoja akasema "alhamdulillahi", wala hakuwa anatania. Mlimtaka yule bwana apone na uongo wake wote, arudi kwenye ile ndoto. Kisha dirisha likafungwa na tukarudi sakafuni.

Sasa lile neno analolirudia Asami akichoma sindano. Kiri, kiri, kiri, kiri. Kwa Kijapani ni tanakali ya sauti, ya kitu chenye ncha kinachopenya, ya maumivu yanayochoma kama tumbo linavyokata. Manukuu ya Kiingereza huandika "ndani zaidi". Lakini sisi hatuhitaji manukuu, kwa bahati mbaya. Sisi tunasikia: kiri! Ungama! Ni sadfa tupu, Miike hakuwa na habari nasi. Ila nilimsikia mtu safu ya tatu akinong'ona, "Si ukiri tu, mzee," na majirani zake wawili wakacheka kile kicheko cha woga.

Yule mnong'onaji, popote ulipo, umefanya uhakiki. Kwa sababu muda wote ule Asami anamsomea Aoyama mashtaka. Kwamba mnakusanya wasichana, mnawafelisha, kisha mnawapigia simu mlale nao. Kwamba aliahidi kumpenda yeye peke yake, na nyumbani ana mtoto anayempenda. Kwamba maneno ni uongo na cha kuaminika ni maumivu. Hukumu yake ni ya kichaa, lakini mashtaka, ukiyapunguza chumvi, nusu yake tuliyaona kwa macho yetu tukiwa tunacheka.

Msinielewe vibaya. Upo ubishi wa miaka kwamba filamu hii inawatetea wanawake au inawachukia, na kila upande huja na mwanamke wake mkononi. Mimi sinunui kwa yeyote. Asami si mlipa kisasi wa haki. Mbwa wa Aoyama aliyeuawa alikosa nini? Yule kijana wake aliyerudi nyumbani akashambuliwa alikosa nini? Na mtu aliyekuwa ndani ya lile gunia hatujui vizuri kosa lake, tunajua tu kilichobaki kwake. Anayemfanya Asami shujaa inabidi afumbe macho mara nyingi kuliko yule dada aliyetoka kunywa maji.

Kuhusu kutoka: mwaka 2001 Miike alipeleka filamu yake nyingine, Ichi the Killer, kwenye tamasha la Toronto, Kanada, onyesho la usiku wa manane, na watazamaji waligawiwa mifuko ya kutapikia mlangoni. Angalia mwendo huo. Haijapita miaka miwili tangu Rotterdam, na kichefuchefu kimeshakuwa sehemu ya burudani, unapewa na mfuko wa kubebea nyumbani. Mtu aliyepewa mfuko hawezi tena kushtuka kama yule mwanamke aliyemwendea Miike. Ameshaambiwa ashtuke saa ngapi. Ndiyo maana wale wanne waliotoka leo siwacheki, nawaheshimu kuliko anayekuja kuniambia, "Nilidhani itakuwa mbaya zaidi."

Basi, muda wa maswali. Yule bwana wa safu ya tatu naona amenyoosha mkono, subiri kidogo kaka. Nataka kwanza mikono ya waliocheka kwenye kile kipande cha kiti na meza. Juu kabisa, nione. Na wewe wa simu.