Malalamiko ya Mshabiki wa Siku Nyingi: Newport na Sisi wa Lubumbashi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanamuziki, na ninyi wanafunzi mliofika jioni hii kutoka mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mpenzi wa muziki analijua moyoni, ingawa ni wachache wanaolitafakari kwa utulivu: yale yanayompata mtu anayehudhuria tamasha moja la muziki wa jadi mwaka baada ya mwaka, hadi siku anapojikuta analinung'unikia tamasha lilelile ambalo hapo mwanzo alilisifia kwa kila aliyekutana naye. Wengi humwona mtu huyo kuwa amezeeka tu, au kwamba hawapendi vijana. Mimi nadai kwamba malalamiko yake ni ushahidi, na kwamba yeye, kuliko mgeni anayeshangilia kila kitu, ndiye anayekumbuka tamasha liliwaahidi watu nini.

Mfano wangu mkubwa unatoka Marekani, lakini unatuhusu kwa karibu. Mwaka 1969, katika mji wa Newport, jimbo la Rhode Island, Mwenda Jean Bosco, mpigaji gitaa wa kwetu Katanga, alipiga mbele ya hadhira ya Newport Folk Festival, tamasha la muziki wa jadi. Ni Mwenda yuleyule mzaliwa wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Yuleyule aliyepiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likishika besi huku kidole cha pili kikikimbiza sauti ya juu, hata msikilizaji asiyemwona aweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Tamasha lililompa nafasi mtu wa namna hiyo, anayeimba Kiswahili mbele ya Wamarekani, lilikuwa na mpango wake maalumu, na bila kuufahamu mpango huo hatuwezi kuzielewa hasira zilizokuja kutokea pale.

Tamasha hilo lilianzishwa mwaka 1959 na George Wein, ambaye tayari alikuwa ameanzisha tamasha la jazi katika mji huohuo mwaka 1954. Baada ya kusimama kwa miaka miwili, lilirudi mwaka 1963 likiwa na utaratibu mpya. Uongozi uliwekwa mikononi mwa wanamuziki wenyewe, mwimbaji Pete Seeger akiwa mmoja wao, na kila msanii alilipwa dola 50, pamoja na nauli, chakula na mahali pa kulala. Mwimbaji aliyeuza sahani nyingi za muziki na mkulima mzee aliyetoka kijijini kwake walipokea dola 50 zilezile. Mwaka huohuo wa 1963 alipanda jukwaani Mississippi John Hurt, aliyekuwa amerekodi nyimbo mwaka 1928 na kisha kusahauliwa kabisa hadi wapenzi wa sahani za zamani walipomtafuta na kumkuta kijijini kwao. Mchana palikuwa na warsha, ambako mpigaji aliketi kwenye jukwaa dogo na wasikilizaji wakaketi miguuni pake, karibu kiasi cha kuona kidole kinavyoshika waya.

Kijana aliyehudhuria kwa mara ya kwanza wakati huo hakupenda orodha ya majina peke yake. Alipenda mpangilio mzima: kwamba pale hapakuwa na mkubwa, kwamba maneno ya wimbo yalisikika hadi mstari wa nyuma, kwamba aliweza kumuuliza mzee swali na akajibiwa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mapenzi, na nawaomba muikumbuke, kwa sababu mshabiki mwenyewe kwa kawaida hajui kwamba amepewa ahadi. Anajua siku inapovunjwa.

Newport, wengi waliona imevunjwa usiku wa Jumapili, tarehe 25 Julai 1965. Mwimbaji Bob Dylan, akiwa na umri wa miaka 24, alipanda jukwaani akiwa na gitaa la umeme na wapigaji kadhaa, baadhi yao wakitoka katika bendi ya Paul Butterfield. Alikuwa amepiga pale mwaka 1963 na 1964 kwa gitaa la kawaida na kinanda cha mdomo, na hadhira ile ilimhesabu kuwa mtoto wao. Walipiga nyimbo tatu, kisha wakashuka. Katika umati zilisikika kelele za kuzomea zikichanganyika na za kushangilia, na tangu siku ile hadi leo watu waliokuwepo hawajakubaliana zilikuwa na maana gani.

Wapo waliosema walichukizwa na umeme wenyewe. Wengine walisema mitambo ilipangwa vibaya, maneno yakamezwa na kelele. Wengine tena walisema walimsubiri nyota wao jioni nzima halafu akawapa nyimbo tatu tu. Pete Seeger alikasirika hadi akatamani apate shoka aukate waya wa sauti, na miaka mingi baadaye alieleza kwamba kilichomuudhi ni kutosikia maneno. Mimi sioni sababu ya kuchagua ushahidi mmoja na kuutupa mwingine. Kila mmoja wao alitaja sehemu ya ahadi aliyokuwa ameishika yeye: huyu alishika maneno yasikike, yule alishika kwamba hapa hakuna nyota, na wa tatu alishika ule ukaribu wa jukwaa dogo la mchana. Kwamba umeme peke yake haukuwa kosa linaonekana wazi, maana bendi hiyohiyo ya Butterfield ilikwisha kupiga magitaa ya umeme katika warsha ya tamasha lile bila kupata mapokezi ya namna hiyo. Ingawa hata huko hapakukosa ugomvi: Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za jadi, aliitambulisha bendi hiyo kwa maneno ya dharau, meneja wa Dylan, Albert Grossman, akamkabili, na watu wazima wawili wakakamatana na kugaagaa vumbini mbele ya watu. Watu hawapigani hivyo kwa ajili ya kitu wasichokipenda.

Kuna jambo dogo la usiku ule ambalo kwangu lina uzito kuliko kuzomea kwenyewe. Dylan aliombwa arudi, akarudi peke yake na gitaa la kawaida. Alipotaka kuanza wimbo aligundua kwamba hana kinanda cha mdomo cha ufunguo aliouhitaji, akauliza hadhira kama kuna mwenye nacho. Vinanda vikaanza kuanguka jukwaani, kimoja baada ya kingine. Umati uleule uliokuwa unazomea dakika chache zilizopita ulikuwa na vinanda vya mdomo mifukoni, na ukavirusha. Hao hawakuwa watazamaji waliolipa kiingilio wakaja kupitisha jioni. Walikuwa wapigaji, wafuasi, watu walioyapanga maisha yao kuzunguka muziki ule, na ndiyo maana walizomea.

Hii ndiyo hatua ya pili, hatua ya hasira, na waandalizi wengi huiogopa. Nadhani wanakosea. Mshabiki anayekasirika bado anahesabu tamasha kuwa mali yake. Anayepaswa kuogopwa ni yule aliyenyamaza, ambaye mwaka unaofuata hafiki wala hamwelezi mtu sababu.

Baada ya hapo Newport ilipata ukimya wa aina nyingine. Tamasha la 1969, lile alilopiga Mwenda, lilikuwa la mwisho kwa muda mrefu. Mwaka 1970 halikufanyika, na mwaka 1971 umati uliovunja uzio wa tamasha la jazi uliufanya mji ufunge milango kwa matamasha yote mawili. Muziki wa jadi haukurudi Newport hadi mwaka 1985, safari hii ndani ya ngome ya kale ya Fort Adams, ukingoni mwa maji. Waliokuwa vijana mwaka 1965 sasa walikuwa wazazi. Usiku uliowagawa ulikwisha kugeuka fahari ya mahali pale, na kuwa mtu alikuwepo, bila kujali alizomea au alishangilia, likawa jambo la kusimuliwa watoto. Tamasha likikosekana, mshabiki hujifunza kutofautisha kati ya yale yaliyomuudhi na yale yaliyomtia huzuni kwa kutokuwepo, na mara nyingi hugundua kwamba orodha ya pili ni ndefu zaidi.

Hatua ya tatu ndiyo inayonigusa kuliko zote. Siku hizi Fort Adams huingiza watu wapatao 10,000 kwa siku, na kwa miaka kadhaa tikiti zimekuwa zikimalizika kabla majina ya wasanii hayajatangazwa. Tafakarini maana yake: mtu anatoa fedha bila kujua nani ataimba. Mapenzi yamehama kutoka kwa mwimbaji, yakapita kwenye ubishi juu ya ahadi, yakatua kwa mahali na kwa watu aliozoea kuketi nao. Mwaka 2009, Pete Seeger, akiwa na miaka 90, alirudi na kuwaongoza watu kuimba pamoja, na hapana aliyekuja kupima kama sauti yake bado ni ile ya 1963. Tarehe 24 Julai 2022 mwimbaji Joni Mitchell alitokea pale bila kutangazwa. Mara yake ya mwisho Newport ilikuwa mwaka 1969, mwaka uleule wa Mwenda. Mwaka 2015 mshipa wa damu ulimpasuka kichwani, na baadaye akasema kwamba alijifundisha upya kupiga gitaa kwa kutazama video zake mwenyewe ili aone vidole vinawekwa wapi. Siku ile aliketi kwenye kiti katikati ya wanamuziki waliomzidi ujana kwa miongo mingi, wakiongozwa na mwimbaji Brandi Carlile, na kuna wakati alisimama akapiga gitaa la umeme peke yake. Gitaa la umeme, Newport, na watu wazima wakilia. Waliokuwepo hawakumlipia yeye. Walikuwa wameliamini tamasha, nalo likawalipa.

Sisemi kwamba kila lalamiko la mshabiki mkongwe ni la haki. Lile linalosema "huu si muziki wa jadi" ni dhaifu kuliko yote, na historia ya mkoa wetu inalikanusha. Gitaa la Katanga halikutoka kwenye boma la mtemi. Lilikua katika miji ya migodi, katika kambi za wafanyakazi waliotoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Rwanda na kwingineko, watu waliohitaji lugha moja ya kuelewana na wakaimba kwa Kiswahili mambo ya mshahara, pombe na mapenzi. Mwenda Jean Bosco, Losta Abelo na Edouard Masengo walikuwa wanamuziki wa mjini, wa chombo kilicholetwa na meli. Mlinzi mkali wa jadi angeweza kuwafungia mlango. Leo ndio tunaowaita wazee wa muziki wetu, na kijana wa Katuba anayetumia kompyuta kutengeneza mdundo ana haki ya kutukumbusha hilo.

Lalamiko lenye nguvu ni lile linalotaja kitu kilichokuwepo na ambacho kinaweza kurudishwa. Nimewasikia watu wa hapa Lubumbashi wakizungumzia sherehe zetu za kila mwaka kwa masikitiko: vipaza sauti vimezishinda ngoma, hotuba zinachukua muda wa wachezaji, wazee wanaojua nyimbo wanawekwa nyuma ya viti vya wageni wa heshima. Ukisikiliza vizuri, hakuna hata moja kati ya hayo linalosema "vijana waondoke." Yote yanasema: tulizoea kusikia, tulizoea kuwa karibu, tulizoea kuona mwenye wimbo anaheshimiwa. Ni dola 50 za Newport kwa Kiswahili cha kwetu.

Wenzetu wa Goma wanaijua hali nyingine tena. Festival Amani lilipangwa kuanza mwaka 2013, vita vikalisogeza, likafanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014. Tamasha lililozaliwa baada ya kuahirishwa kwa sababu ya risasi hupendwa kwa namna yake: kufika tu ni jibu, na ubora wa mitambo huja baadaye sana. Zanzibar, Sauti za Busara lilikosa fedha na halikufanyika mwaka 2016, kisha likarudi mwaka 2017. Ni dhahiri kwamba mshabiki aliyewahi kukaa mwaka mzima bila tamasha lake hulisema kwa sauti tofauti na yule ambaye hajawahi kulikosa.

Kwa upande wetu, naona kazi moja ya haraka. Mwenda alifariki mwaka 1990. Waliomsikia akipiga wakiwa watu wazima wanapungua, na wanachokumbuka si nyimbo tu, ambazo Tracey na wengine walizihifadhi, bali mazingira: alikaa wapi, watu walimlipa vipi, walinyamaza au walicheza, walichukizwa na nini. Wanafunzi wa hapa wanaweza kuwahoji kwa Kiswahili, katika nyumba zao, na kuandika hata manung'uniko yao neno kwa neno. Tukiwa na daftari hilo, yeyote atakayetaka kuanzisha tamasha la gitaa mjini hapa atajua anapokea ahadi gani kutoka kwa waliomtangulia.

Sasa nawaachia nafasi. Ningependa maswali yaanze na wazee waliohudhuria sherehe moja kwa miaka mingi, na nawaomba wasianze kwa pongezi. Waanze na kile kinachowaudhi, nasi tutaandika.