Kioo cha Mbele Kabla ya Injini: Eropleni Ndogo na Ndege wa Angani

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji, tunazungumza nanyi kutoka Kigoma. Kapteni Masoud, ikitajwa hatari ya eropleni kugongana na ndege wa angani, wengi huwaza injini, kwa kuwa wanaikumbuka ile ya abiria iliyotua juu ya mto Hudson, New York, Januari 2009, baada ya mabata bukini kuingia katika injini zake zote mbili. Je, kwa mwenye eropleni ndogo kama Cessna ya injini moja, hofu ni hiyohiyo?

MASOUD: Hapana, Bi. Zuhura. Katika eropleni ndogo ya rafadha, yaani pangaboi, mimi nahofia zaidi kioo cha mbele. Eropleni kubwa ya abiria hupaswa kuthibitishwa kwamba kioo chake kinahimili ndege wa takriban kilo 1.8 ikiwa katika mwendo wa safari, lakini nyingi kati ya hizi ndogo zina kioo cha plastiki ambacho hakikuwekewa sharti hilo. Sasa yule korongo mkubwa wa majalalani, mwenye mfuko shingoni, huweza kuzidi kilo 6.

ZUHURA: Nasi tuna dagaa wanaoanikwa Kibirizi, hapa Kigoma, na palipo na samaki, mwewe na kunguru hawakosi.

MASOUD: Ndiyo maana nasema hatari hii huanzia ardhini. Penye samaki, machinjio au jaa lililo wazi ndege hukusanyika, na jua likishapamba moto wale wakubwa hupanda pamoja na hewa ya joto, wakizunguka juu bila kupiga mabawa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya migongano iliyoripotiwa hutokea chini ya futi 3,000 kutoka ardhini, yaani kama mita 900. Rubani anayekwenda Hifadhi ya Mahale huku akiambaa ufukwe chini chini, ili abiria wapige picha, amejiweka palepale penye hatari, na jambo hilo siliafiki hata kidogo.

ZUHURA: Na akiwaona ndege ghafla mbele yake?

MASOUD: Apande, maadamu ana kasi ya kutosha, kwa sababu ndege waliotishika kwa kawaida hujitupa chini. Kama alikwishapunguza mwendo mapema, amejisaidia sana: mwendo ukipungua kwa nusu, nishati ya pigo hubaki robo.

ZUHURA: Kioo kikishavunjika, Kapteni?

MASOUD: Upepo na kelele vitamchanganya, lakini kazi yake ya kwanza ni kuendelea kuiongoza eropleni, kisha apunguze mwendo bila kukaribia ule ambao mabawa hushindwa kuibeba, na aulinde uso wake. Akishatua, zikaguliwe rafadha, kingo za mabawa, mrija wa kupimia kasi na matundu ya kupozea injini, ambayo manyoya huweza kuyaziba. Asiruke tena mpaka fundi mwenye leseni aridhike, hata kama abiria wanamsubiri.